Mwalimu Mendel Hakuwahi Kupata Cheti cha Ualimu

Kila aliyesoma biolojia hadi kidato cha nne hapa Kenya amekutana na jina la Gregor Mendel. Mtawa wa zamani, alipanda njegere, akahesabu mbegu, akatuachia kanuni za urithi ambazo mwanafunzi huzikariri usiku wa kuamkia mtihani. Basi. Vitabu vingi humpa mistari michache na picha yake ya miwani, kisha vinakimbilia maswali. Jambo lisilosemwa ni kwamba huyu alikuwa mwalimu mwenzetu. Alisimama mbele ya darasa kwa zaidi ya miaka 14, na mpaka anaingia kaburini hakuwa amefaulu mtihani wa kumpa idhini ya ualimu.

Nina sababu ya kumtaja leo. Mimi ni mtu wa Pwani, lakini riziki yangu iko Timboroa, juu kabisa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Hapa sweta huvuliwa wakati wa kulala tu, tena si kila siku. Nafunza biolojia kwa diploma yangu. Kando ya barabara akina mama wanauza viazi, kabeji, karoti na njegere, ambazo huku bara huitwa minji. Kila mwaka nikifika mada ya jenetiki sihitaji mchoro wa njegere ubaoni, naweza kuzinunua kwa kikombe. Ninachohitaji, na wanachohitaji walimu wenzangu wa biolojia kutoka hapa hadi Lamu, ni kile alichopewa Mendel alipoanguka mtihani. Ndiyo maana nataka nimsimulie maisha yake kwa upande wa ualimu, upande ambao vitabu vyetu vimeuacha.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo chini ya dola ya Austria, leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Jina lake la nyumbani lilikuwa Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo aliyekuwa na shamba lake, lakini kwa sheria ya siku hizo alilazimika kumfanyia kazi bwana mwenye ardhi siku kadhaa kila wiki bila malipo. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi huku, au waliokaa kama maskwota kwenye ardhi ya wengine huko kwetu Pwani, wangeyaelewa maisha yale bila kuelezwa.

Johann alikuwa mtoto wa kiume wa pekee, kati ya dada wawili, Veronika na Theresia. Kwa mila yao, shamba lilikuwa lake. Lakini mwalimu wa skuli ya kijiji aliona kwamba mtoto huyu ana kichwa. Skuli hiyo ilikuwa ndogo, na pamoja na kusoma na kuandika ilifunza watoto kutunza miti ya matunda na nyuki. Akapelekwa skuli ya mbali, kisha sekondari katika mji wa Troppau, ambako wazazi hawakumudu kumlipia chakula kamili. Mara nyingi alishinda na nusu ya shibe. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake na kumvunja afya. Tangu hapo kijana wa miaka 16 akawa anajitegemea kwa kuwafunza wenzake masomo ya ziada, yale tunayoyaita tuisheni.

Baada ya sekondari alitaka kuendelea na masomo ya falsafa mjini Olmütz. Pesa hazikuwepo. Akaugua, akarudi nyumbani. Aliyemwokoa ni dada yake mdogo, Theresia. Kwao msichana ndiye aliyewekewa fungu na wazazi la kuingia nalo katika ndoa, tofauti na sisi ambao mwanamume ndiye atoaye mahari. Theresia alikata sehemu ya fungu lake akampa kaka yake asome. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye aliwasomesha watoto watatu wa kiume wa dada huyo, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843, akiwa na miaka 21, mwalimu wake wa fizikia alimpendekeza kwa watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brünn, mji ambao leo unaitwa Brno. Huko akapewa jina la Gregor. Sisi Waislamu hatuna utawa katika dini yetu, na huenda msomaji akajiuliza kijana aliyependa sayansi alitafuta nini huko. Jibu lake ni la kawaida sana: alitafuta mahali ambapo angeweza kusoma bila kuwaza atakula nini kesho. Nyumba ile ilikuwa na mashamba, maktaba kubwa, bustani, na watawa waliokuwa wakifunza katika skuli za mji. Ukitaka kuielewa, fikiria wakfu. Mali imetengwa, haiuzwi, na mapato yake yanamlisha anayesoma na anayesomesha. Pwani yetu ilijengwa kwa wakfu wa namna hiyo, misikiti na madrasa zake, na tunajua mali ya wakfu ikisimamiwa vizuri inaweza kufanya nini, na ikiliwa inaacha nini.

Msimamizi wa nyumba ile alikuwa Cyrill Napp. Huyu bwana ni muhimu katika hadithi hii kuliko njegere zenyewe. Alikuwa mtu wa dini, lakini pia alishughulika na wafugaji wa kondoo na wakulima wa matunda wa eneo lile, kwa sababu mji wao uliishi kwa sufu. Wafugaji hao walikuwa na swali la biashara: kwa nini dume bora wakati mwingine huzaa watoto wa hovyo? Ni nini hasa kinachorithiwa, na kinarithiwa vipi? Napp alilichukua swali hilo kwa uzito miaka mingi kabla ya Mendel kugusa njegere.

Mendel alipopewa upadri mwaka 1847 alipangiwa kuhudumia wagonjwa. Hakuweza. Kuona mateso ya wanaokufa kulimwangusha mwenyewe kitandani. Msimamizi mwingine angesema kijana huyu ni mzembe au dhaifu wa imani. Napp aliona kwamba kazi ile si yake, akamtafutia nyingine. Mwaka 1849 alimpeleka mji wa Znaim kuwa mwalimu wa muda katika skuli ya sekondari.

Mwalimu wa muda ni kiumbe tunayemjua sana. Kwetu ni yule wa kuajiriwa na bodi ya skuli, au yule wa mkataba wa mafunzo kazini: anafunza vipindi vilevile na mshahara ni nusu hadithi. Mendel alifunza vizuri, wakubwa wa skuli wakampenda, na wakashauri afanye mtihani wa serikali ili athibitishwe.

Akaufanya Vienna mwaka 1850. Akaanguka.

Katika fizikia hakufanya vibaya. Kilichomwangusha ni historia ya viumbe na jiolojia. Aliulizwa kuhusu mpangilio wa wanyama wanyonyeshao, na majibu yake yakaonyesha mtu aliyejisomea peke yake vitabu alivyovipata, bila kufunzwa na mtu. Watahini waliona akili ipo, bidii ipo, ila elimu ya chuo kikuu haipo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mwalimu ameanguka mtihani. Mwajiri wake ana njia tatu. Anaweza kumfukuza. Anaweza kumwambia ajilipie kozi, akirudi na cheti tuzungumze. Au anaweza kujiuliza mwalimu huyu amekosa nini, kisha akampa hicho alichokosa. Napp alichukua njia ya tatu. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia mwaka 1851 hadi 1853, kwa gharama ya nyumba ya watawa.

Tazama alichokwenda kufunzwa. Christian Doppler, yule wa kanuni ya mawimbi ambayo leo hutumika kwenye mashine za kupima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, alimfunza namna ya kufanya jaribio la fizikia. Andreas von Ettingshausen alimfunza fizikia na hesabu za michanganyiko, yaani jinsi ya kuhesabu vitu vinavyoweza kuungana kwa njia mbalimbali. Franz Unger alimfunza mimea, na kwamba mimea haikuumbwa ikakaa vilevile, inabadilika. Hakufunzwa namna ya kujaza fomu, wala namna ya kuandika maazimio ya kazi kwa rangi tatu. Alifunzwa somo lenyewe, na wale wanaolifanyia kazi.

Aliporudi Brünn alianza mwaka 1854 kufunza fizikia na historia ya viumbe katika skuli ya ufundi ya mji huo, tena kama mwalimu wa muda. Alikaa hapo hadi 1868. Waliopita mikononi mwake walimkumbuka kuwa mtu mpole, mcheshi, asiyechoka kurudia, na aliyewapeleka kwenye bustani yake kuwaonyesha alichokuwa akifanya. Mwaka 1856 alijaribu tena mtihani wa ualimu. Safari hii aliugua katikati, akarudi nyumbani bila kuumaliza. Hakuujaribu tena.

Mwaka huohuo aliporudi mikono mitupu ndio mwaka alioanza kuchanganya njegere.

Wengi hudhani ilikuwa bahati, mtawa anapumzika bustanini na ghafla anagundua. Hapana. Kwanza alikusanya aina 34 za njegere kutoka kwa wauza mbegu, akazipanda miaka miwili kuhakikisha kila aina huzaa mfano wake bila kubadilika. Akabakiza 22. Akachagua sifa saba zinazoonekana wazi kwa macho: mbegu ya mviringo au yenye makunyanzi, ya manjano au ya kijani, mmea mrefu au mfupi, na kadhalika. Ua la njegere hujichavusha lenyewe, kwa hivyo ilimbidi alifungue likiwa bado changa, aondoe sehemu za kiume kwa kibanio, kisha apake chavua ya mmea mwingine kwa brashi na kulifunika. Ua moja baada ya jingine. Kipande chake cha bustani kilikuwa na urefu wa takriban mita 35 na upana wa mita 7. Hadi mwaka 1863 alikuwa amepitisha mikononi mimea ipatayo 28,000, huku akifunza darasani.

Alipochanganya njegere za mviringo na zile za makunyanzi, kizazi cha kwanza kilikuwa cha mviringo chote. Makunyanzi yalipotea. Wakulima walijua mambo kama hayo tangu zamani, na wengi waliishia hapo. Mendel akaviacha vizazi hivyo vijichavushe, akapanda tena, na makunyanzi yakarudi. Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba alihesabu. Mbegu 7,324: za mviringo 5,474, za makunyanzi 1,850. Kwa rangi, mbegu 8,023: za manjano 6,022, za kijani 2,001. Kila mara, karibu tatu kwa moja.

Hesabu za michanganyiko alizosoma Vienna zikamfungulia mlango. Ikiwa kila mzazi hubeba vitu viwili vya sifa moja na hutoa kimoja tu kwa mtoto, bila upendeleo, basi uwiano wa tatu kwa moja ndio unaopaswa kutokea. Kile kilichojificha hakikufa. Kilikuwa kimebebwa kimya, kikangoja kukutana na mwenzake. Vitu hivyo leo tunaviita jeni. Mwalimu asiye na fizikia na hesabu za Vienna angeweza kuziona mbegu zilezile na asione chochote.

Wakulima wa Uasin Gishu wanaishi na kanuni hiyo bila kuiita kwa jina. Tangu mahindi chotara ya H611 yalipotoka Kitale mwaka 1964, mkulima anajua kwamba akinunua mbegu mpya atavuna shamba linalolingana, na akipanda punje za mavuno yake mwaka unaofuata, shamba litakuwa mchanganyiko, haya marefu, yale mafupi, yale dhaifu. Wengi hulaumu kampuni kwamba inawatega. Kumbe ni kizazi cha pili cha Mendel: vilivyojificha vimetoka. Mwanafunzi wangu wa Timboroa akilielewa hili, anakwenda kumweleza baba yake kitu chenye faida ya pesa.

Februari na Machi 1865 Mendel alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa Brünn, katika skuli ileile alimofunza. Mwaka 1866 yakachapishwa. Alichapa nakala 40 za ziada na kuzituma kwa wataalamu. Karibu wote walinyamaza. Aliyemjibu kwa kirefu ni profesa Carl Nägeli wa Munich, mtaalamu mkubwa wa mimea, ambaye hakuuona uzito wa kazi ile na akamhimiza afanye majaribio kwa mmea mwingine, ule ambao Nägeli mwenyewe aliupenda. Mmea huo una tabia ambayo hakuna aliyeijua wakati huo: mara nyingi hutoa mbegu bila kuchanganya chavua kabisa. Mendel akaharibu macho na miaka yake kwenye vijiua vyake vidogo, na matokeo hayakufanana na ya njegere. Mwanafunzi mzuri alipata mshauri mkubwa, lakini mshauri asiyesikiliza.

Machi 1868 Napp alikuwa ameshafariki, na watawa wakamchagua Mendel kuwa msimamizi wao. Darasa likamtoka. Akawa mtu wa ofisi, wa vikao na hesabu za mashamba. Alibaki na nyuki wake na vipimo vyake vya hali ya hewa, lakini njegere ziliisha. Mwaka 1874 serikali ilipitisha sheria ya kutoza kodi nyumba za watawa. Mendel alikataa kulipa, akabishana na serikali kwa barua hadi mwisho wa maisha yake, huku marafiki wakimkimbia. Alifariki tarehe 6 Januari 1884 kwa maradhi ya figo. Mji ulimzika kama padri mkarimu na mtaalamu wa hali ya hewa. Karatasi zake nyingi zikachomwa moto. Ilipofika mwaka 1900, wanasayansi wa nchi tatu, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kivyake, walifikia matokeo kama yale, na walipotafuta nani ametangulia wakamkuta mwalimu wa muda wa Brünn amewatangulia kwa miaka 34.

Sasa nirudi kwetu, kwa sababu kanuni hii haikubaki kwenye njegere.

Mwaka 1949 kijana aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu katika sehemu mbalimbali za nchi. Aliona jambo la ajabu. Watu wanaobeba jeni ya ugonjwa wa selimundu walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na wachache mno kwenye nyanda za juu. Akajiuliza kwa nini. Mwaka 1954 alichapisha jibu: aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu. Kwenye mbu wengi, jeni hiyo ilibaki kwa sababu iliwaokoa watoto. Juu kwenye baridi kama Timboroa, hakukuwa na haja nayo. Ramani ya mbu ikawa ramani ya damu. Nikilifunza hili huku, wanafunzi wanashangaa. Ningelifunza Kilifi au Malindi, nusu ya darasa wangekuwa na jamaa wa kumtaja.

Na hapo ndipo jenetiki mbovu inapoumiza watu. Nimekutana na mzazi wa Pwani aliyekuwa na mtoto mgonjwa wa selimundu, akaambiwa na mtu aliyesoma kwamba kwa kuwa ni mmoja kati ya wanne, basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Akaendelea kuzaa kwa matumaini hayo. Si kweli. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba inaanza hesabu upya: nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za mtoto mbebaji, moja kati ya nne ya mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Mendel aliweza kupata tatu kwa moja kwa sababu alihesabu maelfu ya mbegu, na hakuna mama mwenye watoto elfu saba. Mwanafunzi aliyekariri uwiano bila kuelewa bahati nasibu iliyo ndani yake anaweza kupata alama zote za swali hilo kwenye mtihani, kisha akaenda kumpotosha shangazi yake. Katika jamii yetu ambapo binamu kuoana ni halali na ni jambo la kawaida, ufahamu huu haupaswi kubaki darasani. Unatakiwa ufike barazani, na kwa walii kabla ya nikaha, si kwa kumtia mtu aibu bali kwa kumpa nafasi ya kupima na kujua.

Elimu yenyewe haijasimama. Njegere ya Mendel yenye makunyanzi ilikaa bila maelezo hadi mwaka 1990, wanasayansi wa Uingereza walipoipata jeni yake: imeharibika, mbegu inashindwa kuunda wanga vizuri, inabaki na sukari na maji mengi, na ikikauka inanywea. Ndiyo maana za makunyanzi ni tamu zaidi. Jeni za sifa tatu za mwisho kati ya zile saba zimeelezwa mwaka 2025 tu. Jenomu ya binadamu, herufi zipatazo bilioni tatu, ilitangazwa kukamilika mwaka 2003. Selimundu ni kosa la herufi moja tu katika hizo. Na hapa nyumbani, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome cha Kilifi, kilichoanza mwaka 1989, kilikuwa kikisoma jenomu za virusi vya korona mwaka 2020 wakati wa janga. Kazi ya kiwango cha dunia inafanyika mwendo mfupi kutoka soko la Kilifi, na mwalimu wa biolojia wa kata ya pili yake bado anafunza jenetiki kama alivyofunzwa na mwalimu wake.

Siwalaumu walimu. Aliyetoka chuoni mwaka 2000 hakufunzwa jenomu kwa sababu ilikuwa haijakamilika. Nani amemfunza baadaye? Kenya imewahi kujaribu. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, ulianza mpango wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wakiwa kazini, na kutoka huo tukapata kituo cha CEMASTEA kule Karen, Nairobi. Walimu wengi wa sayansi wa rika langu walijua kupitia mpango huo jinsi ya kufanya jaribio kwa vifaa vya jikoni. Kisha mwaka 2021 TSC ikaja na mpango wa kujiendeleza ambao mwalimu alitakiwa kujilipia kutoka mfukoni, na vyama vya walimu vikaupinga. Nimekaa pia katika semina moja, ya nani sitasema, ambapo tulishinda siku nzima tukifunzwa kujaza jedwali la kurekodi kazi. Tulipewa soda na cheti. Jeni haikutajwa hata mara moja.

Ninachodai hakihitaji jengo jipya. Mwalimu wa biolojia apewe wiki mbili za likizo ya Agosti katika mahali panapofanywa sayansi yenyewe, iwe Kilifi, iwe Chuo Kikuu cha Eldoret au Moi kwa sisi wa huku juu, iwe Pwani University kwa walio huko. Afunzwe somo na wanaolifanya, kama Mendel alivyofunzwa na Doppler na Unger. Gharama ibebwe na anayemwajiri au kaunti au wakfu wa jamii, isitoke kwenye mshahara wa mtu anayelipa kodi ya nyumba. Akirudi asidaiwe cheti, adaiwe kitu kimoja: alete jaribio ambalo wanafunzi wake watalifanya kwa mikono, wahesabu wenyewe. Na awepo mtu wa kumjibu anapoandika kuuliza, asiachwe kama alivyoachwa yule wa Brünn na nakala zake 40.

Wafadhili wetu wa Pwani wamezoea kujenga, na Mwenyezi Mungu awalipe. Msikiti wa tano katika mtaa mmoja una thawabu zake. Lakini mwalimu mmoja aliyetumwa kusoma, akarudi kufunza watoto 200 kila mwaka kwa miaka 20, naye ni sadaka inayoendelea. Napp hakuwahi kujua alichonunua kwa ada ile ya miaka miwili. Alifariki mwaka mmoja baada ya kazi ya Mendel kuchapishwa, wakati hakuna aliyekuwa akiizungumzia. Alichojua ni kwamba ana mwalimu mzuri aliyekosa kitu, na kwamba yeye ana uwezo wa kumpa. Kamati za skuli zetu, kaunti zetu na matajiri wetu wanaweza kujua kiasi hicho pia.